Meno Mchangani

Watu wengi hukutazama machoni. Fundi Meno alikutazama mdomoni, na kabla hujamaliza salamu alikuwa ameshajua kama unatafuna upande mmoja, kama unasaga meno usingizini, na kama hayo ya mbele ni yako au umewekewa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye dirisha moja lililotazama ukuta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewarudishia tabasamu mahakimu, walevi, wahubiri na bibi harusi mmoja aliyepigwa na mlango wa friji siku nne kabla ya ndoa. Shukrani zote alipewa daktari. Yeye alibaki na vumbi la plasta puani.

Nyumbani alikuwa na mume mpole, mama mkwe mwenye masikio makali kupita umri wake, na shemeji. Huyu shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, alikuja kukaa wiki mbili tu kwa sababu ya mgongo, na wiki mbili hizo sasa zilikuwa zimefika miezi kumi na minne. Alikuwa mgane asiye na mtoto, msimamizi wa ghala aliyestaafu, na mgongo wake ulikuwa na cheo. Ulipoingia sebuleni, watu waliupisha. Alipewa chumba cha Fundi na mumewe, pamoja na godoro lao jipya, kwa kuwa mgonjwa wa mgongo hulala pagumu. Wenye chumba wakahamia kwenye kochi la kukunjua, lenye chuma kimoja katikati ambacho hakikukubali kukunjuka. Kila asubuhi Fundi aliamka ameshika kiuno, akaenda kumuuliza shemeji mgongo wake umelalaje.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki ya mgongo. Shemeji alitoka alfajiri akijikongoja na fimbo, akarudi jioni hoi, akanywa supu amelala. Mama mkwe alimwombea kwa sauti ya kutosha majirani wawili kila upande.

Basi Alhamisi moja, saa mbili na nusu asubuhi, jiko la umeme la kuchemshia meno lililipuka na kuzima taa za jengo zima. Daktari alikuja na tochi, akautazama moshi, akamwambia Fundi aende zake nyumbani mpaka kesho. Kisha akarudi gizani kumtuliza mteja aliyeachwa na mdomo wazi.

Fundi alitoka nje na mkoba wake. Njia nzima aliwaza nyumbani: mapazia yanayosubiri kufuliwa, mama mkwe atakayefurahi kupata mtu wa kumsimulia ndoto zake, na supu ya jioni ya mgonjwa. Alipofika kituo cha treni, kilichokuwa katikati ya kazini na kwake, aliingia chooni. Hakuwa na mpango mwingine wowote, na baadaye aliapa hivyo. Ila alipotoka chooni aliona treni ya pwani imesimama, milango wazi, na mabehewa karibu matupu.

Karani wa tiketi alimuuliza kama anataka ya kwenda na kurudi.

"Kurudi ni lazima?"

Karani aliinua macho. "Si lazima, mama. Ila wengi hurudi."

Alikata ya kwenda na kurudi. Akamwandikia mumewe ujumbe kwamba leo kazi ni nyingi, akaizima simu. Uongo ule ulimtoka laini mpaka akajishuku.

Mji wa pwani wenyewe haukuwa na makuu. Barabara moja iliteremka kutoka kituoni hadi ufukweni, rangi za kuta zimebambuka kwa chumvi, na kila duka la pili liliuza kofia. Fundi alinunua moja, pana, ya rangi ya maji ya karoti, mbaya kiasi kwamba hata muuzaji alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Alinunua viazi vya kukaanga kwenye karatasi, akakaa ukutani, akavila vyote. Hakuna mkono uliokuja kudokoa. Hakuna aliyesema nionjeshe kimoja tu. Alilamba chumvi vidoleni kama mtoto, akamtazama mpita njia aliyemtazama, na mpita njia ndiye aliyeona haya.

Halafu alivua viatu akaingia majini. Alikunja sketi hadi magotini, wimbi likaja likamlowesha hadi kiunoni, akaiacha sketi ifanye itakavyo. Alisimama pale muda mrefu bila kuwaza jambo lolote la maana. Alipochoka alilala kwenye benchi, kofia usoni, mdomo wazi, yeye anayejua kuliko wote siri zinazokaa ndani ya mdomo uliofunguka. Kwa saa tatu nzima hakuna aliyemwita. Si mama, si mke wangu, si shemeji, si fundi njoo mara moja.

Aliamshwa na makelele. Ilikuwa saa tisa, maji yamekupwa, na kwenye mchanga mgumu wanaume walikuwa wakicheza mpira. Upande mmoja walikuwa wapishi wa hoteli ya jirani, bado wamevaa suruali za jikoni. Upande wa pili walikuwa wastaafu, vitambi mbele na vipara juu. Bibi mmoja aliyekuwa akiuza maji ya kunywa alimweleza kwamba mechi hiyo huchezwa kila Alhamisi, na kwamba wapishi hawajashinda tangu wastaafu walipompata kipa wao, mzee wanayemwita Sumaku.

Fundi alikaa kumtazama Sumaku. Alivaa kofia iliyofunika macho, na kaptura iliyoona mengi. Aliruka kushoto, aliruka kulia, alijitupa chini akainuka amekumbatia mpira, akawatukana mabeki wake mama zao wote bila ubaguzi. Fundi, ambaye hajawahi kupenda mpira, alijikuta akipiga makofi.

Kisha mpishi mmoja mnene akaachia shuti la karibu. Mpira ulimpata Sumaku usoni. Hakuuachia, lakini kitu kilimtoka mdomoni, kikang'aa juani, kikatua mchangani hatua mbili kutoka kwenye benchi la Fundi. Uwanja mzima ulicheka hadi kukaa chini. Hapo Sumaku aliuangusha mpira, akaziba mdomo kwa glavu.

Fundi aliinama akaokota. Ilikuwa seti ya juu. Akaipangusa mchanga kwa pindo la sketi, akaigeuza, na mkono wake ukaitambua kabla ya macho. Meno mawili ya mbele yalikuwa na mwanya mdogo. Aliuchonga yeye mwenyewe kwa siku mbili, bila malipo, kwa sababu mwenye mdomo alisisitiza kwamba ujanani alikuwa na mwanya na wasichana walikuwa wakiufuata.

Sumaku alikuja akikimbia mkono umenyooshwa, akafika, akaiona sura chini ya kofia ya rangi ya karoti, akasimama.

"Shemeji," alisema. Bila meno, neno lilitoka kama upepo chini ya mlango.

"Shemeji," alijibu Fundi. "Mgongo unaendeleaje?"

Nyuma ya Sumaku mpira uliingia golini taratibu, ukibingirika, na wapishi wakashangilia ushindi wao wa kwanza katika mwaka.

Walikaa kwenye benchi. Fundi alimpa meno yake, shemeji akayavaa, na hapo ndipo akawa na la kusema. Alieleza kwamba mwanzoni mgongo ulimuuma kweli, haki ya Mungu. Alikwenda kliniki Alhamisi ya kwanza, daktari akamwambia atembee kwenye mchanga, naye akapanda treni kuja kuutafuta mchanga. Baada ya mwezi mmoja maumivu yaliisha.

"Mwezi mmoja," alisema Fundi.

Wiki tano, alikiri. Lakini kila alipotaka kusema amepona, mtu alimletea chai kitandani na kumwambia pole. Miaka thelathini na tano ghalani watu walimwamkia kisha wakajificha nyuma ya magunia. Mkewe alipokufa walimpa pole kwa siku tatu, ikaisha. "Sasa nikipona, shemeji, mimi nitakuwa nani pale nyumbani?"

"Utakuwa mtu mzima anayeosha sufuria."

Shemeji alicheka, kisha akaona kwamba Fundi hacheki. Hasira ilikuwa imempanda, na haikuwa ya ule uongo. Uongo ungeweza kusameheka, hata yeye alikuwa nao mmoja mkobani. Kilichomchoma ni kwamba miezi kumi na mitatu huyu bwana alikuwa akila bahari hii peke yake kila wiki, kisha anarudi kulala kwenye godoro lake. Alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Na kwamba leo, siku moja tu, alitaka asiwe shemeji wa mtu, na hata hiyo ameiharibu.

Shemeji alichimba mchanga kwa kidole cha mguu. Kisha usimamizi wa ghala ukamrudia.

"Na wewe je, leo huko kazini hakuna kazi?"

Fundi alimwelewa vizuri. Alisimama, akavaa viatu. "Mimi nitasema mwenyewe," alijibu. "Ukifika utanikuta nimeshasema."

Walirudi kwa treni moja, mabehewa mbalimbali.

Mumewe na mama mkwe walikuwa sebuleni. Fundi aliweka kofia mezani, akawaambia kwamba ule ujumbe ulikuwa uongo, umeme ulikatika kazini, na yeye alikwenda baharini.

Mama mkwe aliuliza, "Na nani?"

"Peke yangu."

"Kumfuata nani?"

"Sikumfuata mtu."

"Kufanya nini sasa?"

"Nilikula viazi, nikalowa, nikalala."

Mumewe aliitazama ile kofia kama anayetazama jeraha. Mama mkwe aliinuka, akamshika paji la uso, akavuta kope zake chini kuchungulia ndani, akauliza kama amewahi kuanguka utotoni. Aliamini mgongo wa mwanawe kwa mwaka na zaidi bila karatasi hata moja ya daktari, lakini mwanamke mwenye akili timamu kupanda treni kwenda kulala kwenye benchi, hilo halikuingia kichwani. Akaamua kwamba mkwe wake ni mgonjwa, tena huenda ugonjwa umeanza zamani wakaudharau. Alitaka alale mara moja, na si kwenye kochi.

Shemeji alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na fimbo yake. Macho yote yalimgeukia, kwa sababu kitanda kilikuwa chake. Angeweza kuguna kidogo tu, yakaisha. Alimtazama Fundi.

"Apewe chumba," alisema. "Mimi leo mgongo umeachia." Akaitegesha fimbo ukutani na kwenda jikoni, na punde wakasikia maji yakimwagika kwenye sufuria. Mama mkwe akainua mikono kushukuru, akidai maombi yake yamejibiwa, ingawa yamejibiwa kwa kubadilishana wagonjwa.

Fundi alilala katikati ya godoro, mikono na miguu huku na huko. Mama mkwe alimletea chai, akakaa kando ya kitanda akimkanda miguu, miguu ambayo katika ndoa nzima hakuwahi hata kuitazama, na akamwambia pole mwanangu. Fundi alitaka kumwambia kwamba haumwi. Alifungua mdomo. Neno lile pole lilikuwa limeshamwingia mwilini kama maji ya moto, akaufunga tena, akamhurumia shemeji yake kwa mara ya kwanza tangu aje.

Mumewe aliingia baadaye, mama yake alipokwenda kusimamia sufuria. Hakuuliza kuhusu ugonjwa. Aliuliza bahari ikoje, kwa kuwa hajaiona tangu akiwa mtoto. Fundi alimsogezea nafasi na kumsimulia viazi, wimbi, na muuza kofia aliyejaribu kumwokoa. Kipa hakumtaja, hilo alimwachia mwenyewe alisimulie siku atakayoweza.

"Siku ukienda tena," alisema mumewe, "nije?"

Fundi alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Hapana," alisema. "Tutapanga nyingine ya wawili."

Mumewe akakubali kwa kichwa, akavua viatu, akapanda kitandani.