Kahawa Isiyo na Mnywaji

Siku Josephu alipofariki, kopo lake la kahawa lilikuwa tayari njiani. Dada yake, Felista, alilikabidhi kwa konda wa basi kule Mbinga asubuhi hiyohiyo, kama alivyozoea kufanya kila baada ya miezi miwili kwa miaka kumi na minne. Saa nne Josephu akaanguka kwenye ngazi za ofisi yake bandarini Mtwara, kalamu ikiwa bado sikioni. Kopo likalala Songea, likapanda basi la Mtwara alfajiri. Alfajiri hiyohiyo jeneza likatoka Mtwara kwenda Mbinga kwa maziko. Magreth, mke wake, alikuja kulifikiria hilo baadaye sana, akaona kwamba mtu na kahawa yake walipishana mahali fulani karibu na Tunduru.

Wiki mbili baada ya maziko alirudi Chuno, mtaani kwao mjini Mtwara, na binti yao Pendo, akaitwa stendi kuchukua mzigo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limezungushiwa gundi ya karatasi, limeandikwa kwa kalamu nene: KWA KAKA. Akaliweka kwenye rafu ya stoo, juu ya ndoo ya mchele.

Magreth hakuwa mnywaji wa kahawa. Kwao ni Mufindi, kwenye mashamba ya chai, na katika ndoa yote hiyo kila asubuhi kulikuwa na birika mbili mezani. Josephu alikuwa akimtania kwamba ameoa mke anayekunywa majani kama mbuzi. Kwa hiyo Magreth alidhani kopo lile ni la mwisho. Lakini mwezi wa sita konda akapiga simu tena. Safari hii kopo limeandikwa: KWA WIFI.

Alilishika palepale stendi, watu wakimpita na mizigo yao, akashindwa kuondoka.

Jioni Felista akapiga simu. "Wifi, umeipata? Umeionja?"

"Nimeipata. Tamu sana."

Uongo ule ulimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Mwezi wa nane likaja lingine, na Felista alipouliza kama lile lililotangulia limeisha, Magreth akasema limeisha zamani. Mwezi wa kumi akasema wageni wamelimaliza. Lile la Desemba akasema liliisha Krismasi, halikufika hata Mwaka Mpya. Makopo yalikuwa matano, yote yamejaa, na yeye ni mwalimu anayewachapa watoto kwa kusema uongo.

Mwezi wa pili Felista akatoa taarifa: anakuja kwenye kipaimara cha Pendo. "Ijumaa niko hapo. Unichemshie kahawa yangu, nijue inafikaje huko kwenu."

Magreth akamwita jirani yake, Telma, ambaye ukoo wao ulivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani, na ambaye baba yake aliuza kahawa sokoni Chikongola mpaka uzee ukamketisha. Wakayapanga makopo mezani, Telma akafungua moja moja na kuingiza pua.

"Mama Pendo, hili lilikuwa wapi?"

"Kwenye friji. Niliona litakaa vizuri."

"Pamoja na nini?"

Magreth akafikiri. "Samaki. Kolekole."

"Basi hii ni kahawa ya kolekole. Kahawa inavuta kila harufu iliyo karibu nayo. Na ukiitoa kwenye baridi inatoka jasho, unyevu unaingia ndani." Akafunika, akavuta la Aprili, lile la KWA KAKA, akanusa muda mrefu. "Hili halina kitu. Ukinusa kifuniko na ukinusa kahawa, ni mamoja."

"Imeoza?"

"Haiozi hivyo. Ukiinywa hufi, ila unakunywa maji ya mkaa. Baba alikuwa akisema, ya unga ihesabie wiki mbili, tatu zikizidi, na hapo kopo limebanwa kwelikweli, halipo juani wala jirani na jiko. Punje nzima zilizokaangwa, mwezi. Inayovumilia ni mbichi. Hiyo unaiweka mwaka mzima, mradi isipate maji."

"Na hili la Desemba?"

"Linakaribia kuaga, lakini ukilichemsha na tangawizi nyingi wifi yako anaweza asijue." Telma akacheka. "Huyo akija mpe hili. Manne nipe mimi nikamwage kwenye migomba. Usijitie kitanzi kwa sababu ya kahawa."

Magreth akaitikia, lakini Telma alipoinuka kuyabeba, yeye akawahi kuweka mkono juu ya kifuniko.

"Acha kwanza," akasema.

Hakuwa na watu wengi wa upande wa Josephu waliomkumbuka. Wajomba walikuja kwenye maziko wakaondoka. Mama mkwe alikuwa hasikii vizuri kwenye simu. Kwa hiyo akayarudisha yote stoo, akafunga mlango.

Ijumaa Felista akashuka kwenye bajaji, mnene, mchangamfu, na kopo la sita ndani ya mkoba wake. Alimkumbatia Magreth muda mrefu, akamwambia Pendo amekuwa twiga, akavua viatu na kuketi jikoni.

"Haya, kahawa yangu."

Magreth akateleka maji, akaleta kopo la Desemba na kipande kikubwa cha tangawizi. Felista akalitazama lile kopo.

"Hilo ni la lini?"

"La Desemba."

"Si uliniambia Krismasi mlilimaliza?"

Maji yalianza kuvuma kwenye sufuria. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: nilikubakizia kidogo, wifi. Lingetosha. Felista angefurahi, kipaimara kingepita, na mwezi wa nne kopo lingine lingekuja. Magreth akapunguza moto, akaenda kufungua mlango wa stoo.

Felista akaja kusimama nyuma yake. Akayahesabu makopo kwa macho, kisha akakaa juu ya gunia la korosho.

"Mimi nakaanga, moshi unanitoa machozi, natwanga mpaka mabega yanauma. Kumbe wewe unafungua duka."

"Sinywi kahawa, wifi. Sijawahi."

"Hata wakati wa kaka?"

"Hata wakati wake. Nilinyamaza kwa sababu niliona ukiacha kutuma, hutakuwa na sababu ya kunipigia simu."

Felista akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Mama aliniambia niache. Alisema wewe bado kijana, nikuache upumue. Nikamjibu, asipotaka atasema mwenyewe."

"Sasa nimesema."

"Umesema hunywi. Sijasikia umesema hutaki."

Magreth akacheka, kicheko kilichomjia pamoja na machozi, na Felista akainuka, akamsukuma bega akisema watoke, maji yanakauka. Wakafungua kopo la sita. Harufu ikaenea mpaka uani, na Telma akaja bila kuitwa, akijifanya anatafuta kiberiti.

"Hii ndiyo kahawa," akasema alipoonja.

"Na ile ya kwenye friji?" Pendo akauliza, na Magreth akamkata jicho, lakini Felista alikwisha kusikia. Ikabidi habari ya kolekole isimuliwe yote. Felista alicheka akashika mbavu, akasema Josephu naye angeinywa tu, kwa sababu utotoni aliwahi kunywa kahawa iliyoingia mafuta ya taa na kuisifu. Magreth hakuwa akiijua habari hiyo. Akataka isimuliwe tena, akakaa karibu, akanywa nusu kikombe kwa uso uliokunjamana.

Jumamosi wakamwaga makopo matano kwenye migomba ya Telma. Jumapili Pendo akapata kipaimara, amevaa gauni jeupe aliloshona shangazi yake.

Sasa kahawa inakuja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, mbichi, kilo mbili ndani ya mfuko wa kitambaa. Telma anaikaanga Jumamosi, kiasi cha kuisha ndani ya wiki mbili. Felista anapiga simu kila Jumapili baada ya misa.