Mafuta ya Bata Mzinga kwenye Mlima Mama Mkwe

Timu ya wanawake ya ski ya chuo chetu, mchezo wa kukimbia kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, hubeba watu sita kwenda mashindanoni, na mimi, Hedda Storvick, nimekuwa wa saba miaka mitatu mfululizo. Wa saba hubaki Minnesota kutunza mbwa wa kocha. Mbwa mwenyewe anaitwa Biskuti, mkubwa kama kochi, na ananipenda kupita kiasi kwa sababu wikendi zake zote za baridi anashinda na mimi. Huu ulikuwa mwaka wangu wa nne na wa mwisho, na niliapa safari hii atafutiwe mlezi mwingine.

Kila Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya mwisho wa Novemba, wakati watu wenye akili timamu wanakula kwa mama zao mpaka wanashindwa kuinuka, sisi tunajazana kwenye basi dogo, Biskuti akiwemo, kwenda milima ya Montana kutafuta theluji ya mapema. Mwaka huu theluji ilikuwa haba. Tulipata njia moja ya mzunguko, yenye mlima mmoja tuliouita Mama Mkwe, kwa kuwa hata umfanyie nini haridhiki. Ijumaa, siku ya pili ya sikukuu, Kocha Rennebohm angetupima hapo. Nafasi tano zilikuwa na wenyewe. Ya sita ilikuwa kati yangu na Posy Kettleson, mwaka wa kwanza kutoka Alaska, binti mwenye mapafu ya farasi na adabu iliyonikera kwa sababu haikuwa ya kujifanya.

Sasa sikilizeni mila yetu, muone tulivyo wagonjwa. Kambini, mwanafunzi wa mwaka wa nne huandaa ski za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wa mwaka wa kwanza hupika bata mzinga. Anayekuandalia ski unamwita mama. Kocha anasema inajenga upendo. Mimi nikapangiwa Posy.

"Mama, leo tunapaka nini?" aliniuliza Alhamisi mchana, akichungulia gereji na unga puani.

"Gundi. Theluji imeyeyuka ikaganda tena, nta ya kawaida haitashika kitu. Rudi jikoni."

"Unanipaka kama unavyojipaka?"

"Nakupaka vizuri zaidi. Nikikushinda nataka nikushinde wewe, sitaki uje kunililia habari za gundi. Bata kaiva?"

"Juu kaiva. Ndani sijui."

"Basi kamuulize."

Gundi ya ski ina rangi ya asali. Inanata kwenye theluji ili usirudi nyuma ukipanda, na inanata pia kwenye nywele, vitasa na mswaki wa mtu asiyehusika. Nilipaka jozi zote mbili kwa haki, nikazilaza verandani, tumbo juu, zipoe. Nisichojua ni kwamba baada ya kula, Posy aliona jokofu limejaa, akaitoa trei ya mafuta ya bata na kuitegesha juu ya ukuta wa veranda hiyohiyo, upande wa ski zangu, yagande, akaangie viazi kesho yake. Kwao Alaska kila kitu hupozwa nje. Ila kwao hakuna Biskuti.

Asubuhi theluji nyepesi ilikuwa imefunika kila kitu. Nilizipangusa ski zangu kwa glavu, nikaona zinang'aa, nikafurahi. Kwenye mstari wa kuanzia nilisikia harufu ya bata mzinga. Nikadhani ni mimi.

Tuliachiwa mmoja mmoja. Kwenye tambarare nilipaa. Sijawahi kuteleza vile maishani, na nilijisifu sana, nikasema kumbe mazoezi ya kiangazi yamelipa. Kisha nikafika Mama Mkwe. Nikakanyaga, nikarudi nyuma. Nikakanyaga tena, nikarudi zaidi. Biskuti, aliyekuwa ananifuata tangu mwanzo, akanifikia na kuanza kulamba mikia ya ski zangu, na hapo ndipo nilipoelewa ni mafuta gani aliyoyaangusha usiku juu ya gundi yangu. Wenzangu waliokuwa pembeni walikaa chini kwa kucheka. Nilitoka kwenye reli, ile mifereji miwili ya kupitishia ski, nikaingia theluji mbichi, nikatanua miguu kama bata aliye hai, nikapanda hivyo nikitukana kwa Kinorwe cha babu yangu, lugha ambayo najua matusi yake tu. Posy alinipita kileleni.

"Ski ni jukumu la mwenye ski," Kocha alisema mwishoni. "Matokeo ni matokeo."

Nililia mbele ya watu, kwa sauti, makamasi yakaganda juu ya mdomo. Posy aliinama, akanusa ski zangu, rangi ikamtoka.

"Kocha, ile trei ni yangu."

"Najua. Na mbwa ni wangu. Tukianza kugawana lawama hatutakula."

"Basi nafasi siitaki hivi."

"Huitaki?"

"Naitaka mno. Ila kesho nirudie na mafuta, kama yeye. Halafu linganisha."

Kocha hajawahi kuona mateso akayakataa. Akasema sawa.

"Wewe una wazimu," nilimwambia Posy.

"Ndiyo, mama. Mafuta mengine yapo?"

"Muulize Biskuti."

Tulikwangua trei, tukakwangua na mifupa. Nilimpaka mwenyewe, juu ya gundi, kwa kipimo kilekile. Jumamosi nikasimama katikati ya Mama Mkwe nimemshika Biskuti ukosi, nikamwona Posy anakuja kasi, uso umejaa furaha ileile niliyokuwa nayo jana yake. Akafika mlimani. Akarudi nyuma. Akaanguka, akainuka, akang'ang'ania reli, akaanguka tena.

Nilifumba mdomo. Nataka ijulikane kwamba nilifumba. Angebaki pale kidogo tu, mimi ningekuwa wa sita na mbwa angepata mlezi mpya. Lakini zile ski nilikuwa nimeziandaa mimi, kwa mikono yangu, na kuziona zikifanyiwa ujinga kuliniwasha mwili mzima.

"Toka kwenye reli, bwege wewe! Ingia theluji mbichi. Tanua. Tanua miguu, mwanangu, hivyo, usisimame."

Akatoka, akatanua, akapanda.

Kocha alilinganisha saa yake na muda wangu wa Ijumaa.

"Posy," alisema. "Kwa sekunde moja."

Posy alinikumbatia huku analia, tukanuka pamoja kama jiko.

"Mama, ungenyamaza tu."

"Nyamaza wewe, niache nijute vizuri."

Na nilijuta. Najuta hata sasa ninaposimulia, na mkiniuliza kama ningepiga kelele tena, nitawajibu siku ambayo sitakuwa na hasira. Kwenye basi la kurudi, Kocha alininyooshea kamba ya mbwa. Niliipokea. Kisha nikamgeukia Posy nikamwambia alete zile ski zake, maana mafuta yale hayatoki kwa maji, na kwa jinsi ninavyomjua angezipeleka mashindanoni hivyohivyo.