Bahari Kuu Yaitwa Mahakamani

Feni ilikuwa imegoma tangu juzi, na karani alikuwa akimpepea hakimu kwa jalada, bahari ilipoingia kwa chini ya mlango. Iliingia polepole, kama mtu aliyechelewa mkutano. Mshona nyavu, aliyekaa benchi la nyuma akimsubiri mumewe apandishwe kizimbani, alivua viatu akavipakata. Mama mkwe wake alichovya kidole, akaonja.

"Ya chumvi," alisema.

Wakili wa utetezi ndiye aliyeyataka hayo. Alikuwa amedai kwamba uharamia, shtaka la mume huyo, hutendeka bahari kuu, na mahakama isiyowahi kuiona bahari kuu haiwezi kuhukumu mambo yake. Hakimu hapendi dharau. Aliamuru bahari kuu ifike mbele yake, na tarishi akaipelekea hati ya wito ufukweni.

"Iandikwe imefika," alisema hakimu, akikunja suruali.

Mtaalamu wa sheria za bahari, aliyetumwa na mataifa rafiki, alipima sakafu kwa kamba. Kuanzia kiti cha hakimu mpaka kizimbani palikuwa maji ya nchi. Mabenchi ya nyuma yalikuwa bahari kuu, isiyo ya mtu. Mumewe alipopandishwa kizimbani, mshona nyavu alitaka kumpelekea shati safi, askari akamzuia.

"Mama, unaingia nchini. Pasipoti?"

"Shati tu, baba."

"Shati lipite. Wewe baki."

Shati lilielea lenyewe hadi kizimbani, mumewe akalivaa likiwa bichi.

"Mshtakiwa alikamatwa katika kimashua, ana ngazi," alisema mwendesha mashtaka. "Baharini hakuna dari wala mwembe. Ngazi ya nini, kama si kuparamia meli ya watu?"

"Nilikuwa naenda kuomba wavu wetu, mheshimiwa," alijibu mshtakiwa. "Meli yao iliukokota ikaondoka nao. Mke wangu aliushona mwaka mzima. Nilipiga kelele kule chini, hawakunisikia."

"Na sauti anayo huyo," mama mkwe alimnong'oneza mkwewe. "Alipokuwa mchanga, mtaa mzima ulikesha."

Mshtakiwa hajamaliza kueleza, meli yenyewe ikaingia kwa mlango wa mawakili, ikaizunguka meza ya karani na kushusha nyavu zake. Samaki wote waliokuja na bahari walizolewa, pamoja na kiatu cha mwendesha mashtaka. Nyuma ya meli ulining'inia wavu mdogo wa kamba ya buluu. Mshona nyavu aliutambua kwa mafundo yake, maana yeye hufunga kwa mkono wa kushoto.

"Ndio hao!" alipaza mumewe. "Na wavu wetu ule pale!"

Hakimu alimgeukia mtaalamu. "Meli hiyo ina bendera?"

"Inayo, mheshimiwa."

"Kibali cha kuvua?"

"Kipo njiani."

"Ngazi je?"

Mtaalamu alichungulia. "Ni ya kwake mwenyewe, imefungwa ubavuni."

"Basi haihusiani na shauri hili. Iombwe ipunguze kelele."

Ilipunguza kelele, ikaendelea kuzoa.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema mama mkwe. "Hawa kunyonga wameweza."

Hukumu ilikuwa miaka saba, katika gereza la taifa rafiki lolote litakalompokea. Mataifa rafiki yaliipongeza mahakama kwa barua nzuri, kila moja likieleza kwamba magereza yake yamejaa. Nchi moja tu ilikubali kumpokea, nayo ilikuwa ng'ambo. Mshtakiwa akapakiwa katika mashua na askari wawili, wakashika njia ya mlango wa ofisi ya hakimu, ambao sasa ulikuwa mbali sana.

"Atarudije?" mshona nyavu alimuuliza karani.

"Dada yangu, sisi tunapeleka tu," karani alijibu kwa upole. "Kurudi ni juhudi ya mtu mwenyewe."

Meli nayo ilikuwa imejaa. Ilipiga honi ya kuaga.

"Mahakama isimame!" aliita karani, na wote wakasimama kwa heshima ya mgeni. Migongo yao ilimziba mshona nyavu. Akapanda juu ya benchi. Mashua ya mumewe ilikuwa imebaki nukta, na shati ndani yake jeupe. Ndipo meli ikakatiza mbele, ndefu, haina haraka, na ilipomaliza kupita, ng'ambo hapakuwa na kitu ila mlango.

"Mama, shuka kwenye benchi," alisema askari.

Karani akaita shauri lililofuata. Huyo alikamatwa ana kamba mkononi.