Hatua Iliyochukuliwa: Baba

Ulipita pale, usikatae. Ilikuwa saa kumi na robo alasiri, dirisha la karakana ya shule limefunguliwa kwa sababu ya joto, nawe ukaona wanafunzi watatu wameinamia meza ya chuma, na mwanamume mwenye kofia ya kazi amebandika kiganja ukutani. Uliona kwamba hana kivuli. Ukageuza shingo upesi kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya barabara, ukaenda zako. Hukuitwa na mtu. Basi keti, usimuliwe ulichokikimbia.

Wanafunzi wale walikuwa wakijenga roboti. Shindano la majaribio, lile la kupasha misuli moto kabla msimu wenyewe haujaanza, lilikuwa limebakiza wiki chache, na safari hii shule yao ndiyo mwenyeji wa timu tisa. Roboti ilitakiwa ifuate mstari mweusi juu ya ubao mweupe, iokote vibao sita vya rangi na kuvitia ndani ya kasha, yote kwa dakika mbili na nusu. Ya kwao waliiita Shemeji, kwa kuwa ilikula umeme mchana kutwa, ikafanya kazi ya dakika moja, kisha ikasimama katikati ya njia kungoja kusifiwa.

Aliyeandika programu aliitwa Nati, kwa sababu hakuna siku mfuko wa sketi yake ulikosa nati. Msemaji wa timu alikuwa Kasuku, na jina lake halihitaji maelezo. Wa tatu, Mpole, alifunga mota na hakusema neno mpaka aulizwe mara mbili. Mwanamume wa ukutani alikuwa baba yake Nati. Alikuwa fundi umeme wa shule kwa miaka kumi na minne, na alikuwa amekufa miezi minane nyuma, palepale karakanani, mkono wake ukiwa juu ya meza ileile.

Watu ni wepisi wa kusahau, kwa hiyo na hili liandikwe. Karakana ilikuwa na soketi moja tu iliyofanya kazi, na soketi hiyo haikuwa na waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme ardhini pindi unapovuja. Umeme ulipovuja uliingia kwenye bomba la nyaya ukutani, ukatoka hapo ukaingia mezani, ukatulia ukingoja mtu. Fundi aliandika barua saba katika miaka mitatu. Zote saba zimo ofisini ndani ya faili lililoandikwa YANASHUGHULIKIWA, na vumbi la faili hilo lingetosha kuoteshea maharage. Alipokufa, faili lilipanguswa, ikatolewa barua moja ili jina lake lisikosewe kwenye tangazo la msiba, kisha ikarudishwa mahali pake.

Alirudi siku ya kwanza ya mazoezi, saa kumi kamili. Alipiga hodi. Mwalimu wa fizikia akamkaribisha na kumpa kitabu cha wageni, maana kila anayeingia karakanani husaini. Kalamu ikapita katikati ya vidole vya Fundi ikaanguka sakafuni. Mpole akaiokota, akamwandikia.

"Sababu ya kuja?" aliuliza Mpole.

"Andika soketi."

Kasuku akamsogelea Nati. "Maiti anaamkiwaje?"

"Kama mtu mwingine."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Toa kiwiko mezani."

Mkono usioweza kushika kalamu hauwezi kushika bisibisi, kwa hiyo Fundi hakuweza kutengeneza kitu. Alichoweza ni kuweka kiganja kwenye bomba, chini kidogo ya soketi, na umeme uliovuja ukamwingia yeye badala ya kuingia mezani. Kiganja kikawaka kwa ndani, rangi ya papai, kama kiganja cha mtu aliyefunika tochi. Nati akachomeka chaja. Meza haikuuma mtu.

Alasiri zikapita polepole zikinuka lehemu. Vinyweleo vya mikononi mwa watoto vilisimama taratibu kama majani baada ya mvua. Balbu zilizokwisha kuungua, zilizosahauliwa drooni, ziliwaka kidogo kila Fundi alipokohoa, zikazimika alipomaliza. Shemeji ikifika mwisho wa mstari iligeuka yenyewe, ikamwelekea Fundi, ikatulia. Nati alitafuta kosa kwenye programu siku mbili. Hakuliona, akaongeza mstari mmoja wa kuiruhusu.

Nyumbani, mama yake alikuwa na la kusema. "Akiwa hai, kazini. Akiwa mfu, kazini," alisema huku akikunja nguo. "Mwambie koti lake nimempa mjomba wako. Asije akaniulizia."

Nati akafikisha. Fundi akaitikia. "Mwambie sawa. Ila mjomba asitie kitu mfuko wa kushoto, umetoboka."

Mama alicheka sana alipoambiwa. Kisha akaingia bafuni, akafungulia maji na kuyaacha yatiririke muda mrefu kuliko inavyohitajika kunawa uso.

Lakini umeme haumpiti mtu bure, hata kama ni mfu. Wiki ya kwanza ulimchukulia kivuli. Wiki ya pili ukamchukulia kikohozi, na balbu za drooni hazikuwaka tena. Wiki ya tatu Fundi alimuuliza Nati, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo, "Mama yako anaitwa nani vile?"

Nati akamtajia jina. Kesho yake akauliza tena.

Siku hiyo Nati aliandika barua ya nane, Fundi akitamka naye akinakili, akaipeleka ofisini kwa Mkuu wa shule. Njiani alipita ukumbini, ambako wapakaji walikuwa juu ya ngazi wakipaka rangi mpya kwa ajili ya wageni wa shindano. Mkuu aliisoma barua yote. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Ya nani hii?"

"Ya baba, Mkuu. Amesema yeye, nimeandika mimi."

"Marehemu hawezi kuwa mlalamikaji, binti yangu. Hana saini."

"Basi iwe yangu."

"Wewe ni mwanafunzi. Mwanafunzi hulalamika kupitia kwa mzazi." Akamsogezea kopo la peremende. "Chukua moja. Ethi itavutwa muhula ujao."

Muhula ujao huo tunaujua. Ndio ulioahidi choo cha wasichana, ndio ulioahidi madirisha ya maktaba, na umri wake umewazidi wanafunzi wote waliomo shuleni.

Sasa, kila timu ya roboti ina daftari lake la kazi, nalo hupewa alama na waamuzi kama roboti yenyewe. Lina safu tatu: tarehe, hitilafu, hatua iliyochukuliwa. Nati aliandika tarehe. Kwenye hitilafu akaandika, *Soketi inavuja, meza ina umeme.* Safu ya tatu akaiacha tupu, akafunga daftari.

Kasuku akalifungua. "Usiache pengo. Pengo moja, alama mbili zimeondoka."

"Hakuna hatua iliyochukuliwa."

"Na yule pale? Anaegemea ukuta kwa raha zake?"

"Unataka niandike nini?"

"Ukweli. Waamuzi wakiusoma watashtuka, Mkuu ataona haya mbele za watu, ethi itavutwa siku hiyohiyo. Mimi ndiye msemaji, niachie mimi."

Nati alimtazama baba yake, aliyekuwa akimtazama Mpole kama mtu anayejaribu kukumbuka sura. Akachukua kalamu, akaandika: *Baba amesimama.*

Jumamosi ya shindano timu zilifika asubuhi, roboti zimo ndani ya makasha ya matunda, zimefunikwa taulo. Betri zote zilichajiwa karakanani. Nyaya tisa za kurefushia zilikutana kwenye soketi moja zikafungamana kama mizizi. Mwanga ukampanda Fundi mpaka begani, ukashuka kifuani, na kupitia kifua chake ungeweza kusoma tangazo la ukutani nyuma yake: TUNZA MALI YA SHULE. Watoto waliingia wakichukua betri na kuacha nyingine, na kila mmoja Fundi alimuuliza kwa upole, "Wewe wa nani? Toa kiwiko."

Nati alikuja kuchukua betri ya Shemeji.

"Na wewe binti, wa nani?"

"Wa fundi umeme wa hapa."

"Ahaa. Namsikia tu, hatujaonana. Nisalimie. Mwambie binti yake asiguse meza."

Nati hakulia. Aliiweka betri sakafuni, akatoka, akafuata korido mpaka kwenye sanduku la swichi kubwa, akaishusha.

Feni za ukumbini zikazunguka kivivu, zikasimama. Kipaza sauti kikakata katikati ya neno. Roboti zilizokuwa mchezoni, ambazo zilitumia betri na hazikuwa na sababu ya kusimama, ziliacha mistari yao, zikageuka zote pamoja upande wa karakana, zikatulia. Waamuzi wakaandika muda.

Nati alirudi. Miguuni pa Fundi palikuwa na kivuli, chembamba, kama maji yaliyomwagika.

"Nati," alisema Fundi.

"Abee, baba."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Analalamika huji nyumbani."

"Nikitoa mkono hapa nitakuja. Si mbali, nitatembea."

"Utoe sasa."

Fundi alizitazama zile chaja tisa. Alimtazama mtoto wa shule nyingine aliyeketi mezani akila ndizi, viwiko vyote viwili juu ya chuma.

"Na umeme ukirudi?" alisema. "Huyu nani atamwambia?"

Zilikuwa dakika saba. Walizungumza habari za mjomba, za koti, za mlango wa jikoni ambao mpaka leo haufungi vizuri. Fundi alikohoa mara mbili. Kisha Mkuu akatokea kwenye korido, leso mkononi, na Nati akatoka kumfuata.

"Nani amezima?"

"Mimi, Mkuu."

"Wageni wanatokwa jasho!"

"Ethi, Mkuu."

"Nimekwambia muhula ujao!"

Akaiwasha mwenyewe. Lakini kwanza aliagiza zulia la mpira, akasimama juu yake, akaisukuma swichi kwa mpini wa ufagio, mkono mmoja mgongoni. Alijua vizuri umeme wa shule yake. Kisha akaagiza kufuli, sanduku likafungwa, na ufunguo akautia mfuko wa ndani wa koti. Karakanani kile kivuli kilinywewa na sakafu. Nati alipoingia, Fundi aliinua uso.

"Wewe wa nani?"

Shemeji iliokota vibao vinne kati ya sita, ikashika nafasi ya tano. Nati aliiendesha bila kukosea na bila kuitazama. Baadaye mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani ya kamba, alikaa na daftari lao, akapindua karatasi moja moja, mpaka akafika palipoandikwa *Baba amesimama.* Kasuku akasogea mbele. Hotuba yake alikuwa ameiweka tayari wiki nzima.

"Nionyesheni," alisema mwamuzi.

Wakampeleka. Alimkagua Fundi kutoka kofia hadi viatu, akaugusa ukingo wa meza kwa mgongo wa kidole, akaridhika.

"Yupo saa zote za mazoezi?"

"Kila siku, tangu saa kumi kamili," alisema Kasuku. "Lakini mama, tatizo ni kwamba..."

"Hajawahi kukosa?"

"Hajawahi. Ila..."

"Timu nyingine zimeandika tutakuwa waangalifu," alisema mwamuzi huku akiandika. "Ninyi mmeweka mtu."

Akawakata alama mbili za nidhamu kwa kuzima umeme. Kwenye usalama akawapa kumi juu ya kumi, na hakuna timu nyingine iliyozipata. Kasuku akaikunja hotuba yake, akaitia mfukoni.

Mkuu ndiye aliyepokea cheti cha usalama. Alikiinua juu, ukumbi wenye rangi mpya ukapiga makofi. Jumatatu alilitoa lile faili, akaichukua barua ya nane, na pembeni mwake akaandika, *Limeshughulikiwa, rejea cheti.* Jina la Fundi likaingizwa kwenye ratiba ya zamu, kuanzia saa moja asubuhi, kwa kuwa na madarasa ya chini nayo yalianza kutumia karakana. Shule tatu ziliandika kuuliza namna ya kupata wa kwao. Mkuu akazijibu kwa ukarimu kwamba hakuna gharama yoyote, ni kungoja tu.

"Kufa kufaana," alisema mama yake Nati, "lakini huyu wamemla mpaka mifupa."

Nati bado huenda. Kila alasiri husimama mbele yake, hujitambulisha kwamba yeye ni bintiye, naye humwambia vizuri, amefurahi kumfahamu. Msimu wenyewe wa mashindano unaanza baada ya wiki sita.

Nawe umesoma mpaka hapa. Usiseme maskini, neno hilo halivuti waya. Ulipo pana shule, na shule hiyo ina chumba chenye meza ya chuma na watoto wanaoegemeza viwiko. Nenda na nondo ya shaba, nyundo, na waya wa kijani wa ethi, wenye urefu wa kutosha. Tafuta fundi aliye hai, mchukue. Wakikuambia ngoja, usingoje. Wakikuambia saini kitabu, saini huku unatembea. Usitoke hapo mpaka umeiona nondo ikizama ardhini yote kwa macho yako mawili. Si kesho, wala si baada ya kula. Vaa viatu sasa.