Kikao cha Kumsikiliza Karani

Baraza la mji ule mdogo lilikuwa na madiwani saba, meza moja yenye mguu mbovu, na mfanyakazi mmoja tu: karani. Wote walimwita Mama Muhtasari, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa aliandika kila lililosemwa humo, hata lile lisilo na kichwa wala miguu.

Mwezi huo madiwani waliamua kumtumia karani wa baraza la jirani badala yake. Ilihitajika barua ya kumwachisha Mama Muhtasari kazi, na kwa kuwa hakuna diwani aliyejua kuchapa, walimpa aichape mwenyewe. Akaichapa. Kisha, kwa adabu zote, akamweleza mwenyekiti kwamba barua hiyo haina nguvu: sheria ya kazi inataka mfanyakazi asikilizwe kwanza, na atafutiwe nafasi nyingine kama ipo. Mwenyekiti alikuna kidevu, akamshukuru kwa kuwaepusha na aibu, akamwomba aandae kikao cha kumsikiliza.

Akajiandikia wito, akajipelekea, akasaini kuwa ameupokea.

Nyumbani alifanya mazoezi mbele ya mumewe. Angesema kwamba masijala ya baraza la jirani, kule yanakotunzwa mafaili, haina mtu, na kazi hiyo anaiweza hata usingizini.

"Sema hayo hayo, mke wangu, usitie chumvi," mumewe alimwambia. "Wakishakusikia, hawana pa kutokea."

Siku ya kikao alipanga viti, akakunja gazeti akalitia chini ya mguu mbovu, akaketi pembeni na daftari lake, pale pale ambapo karani huandika na hafungui mdomo. Madiwani walisema yao. Diwani muuza magodoro alieleza kwamba huyu ni kama dada yao wa tumbo moja, ndiyo maana hawakuwahi kumpa mkataba. Akaliandika hilo, neno kwa neno.

Hatimaye mwenyekiti aliinua macho. "Haya dada, zamu yako. Una la kusema?"

Kalamu ikatangulia: Mwenyekiti alimuuliza mfanyakazi kama ana la kusema. Kisha akasubiri jibu, kama alivyozoea, ili aliandike. Chumba kizima kilimtazama. Karatasi ya maneno yake ilikuwa mkobani, miguuni pake. Akaitafuta sauti ya kusemea ndani ya chumba kile, asiipate, hakuwahi kuitumia.

"Basi," mwenyekiti alisema kwa upole, "tumemsikiliza."

Akaliandika na hilo, akapiga mstari chini yake, akawapelekea wasaini.