Fagio Lisilouliza

Pale kazini walimwita Bi Uhakika, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kati ya waandishi watano wa programu waliobanana katika chumba kile, yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, na yeye pekee ndiye aliyekuwa na mtoto anayenyonya. Programu yao ilitumiwa na hospitali kutunza habari za damu: mfuko upi ni wa kundi gani, upi umepimwa, upi ni salama kumwekea mgonjwa. Walipojaribu jambo jipya walitengeneza maghala ya data ya uongo yenye wagonjwa wa kubuni, na wakimaliza waliyafuta. Kazi hiyo ya kufuta ndiyo aliyoiandikia amri moja fupi, akaiita fagio.

Ukiiandika kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, fagio lilikujibu kwa swali: andika jina kamili la ghala unalolifagia. Ukishaliandika bila kukosea hata herufi, ndipo lilipoweka nakala pembeni, kisha likafagia.

Wiki haikuisha, watu wakachoka.

“Dada, hata mama mkwe hakunihoji hivi nilipokwenda kuposa,” alisema jirani yake wa meza, kijana waliyemwita Chapuchapu kwa wepesi wa vidole vyake.

“Basi mama mkwe wako alizembea,” alijibu, chumba kizima kikacheka.

Mkuu wao wa kitengo hakucheka. “Watu wanafagia mara thelathini kwa siku,” alimwambia. “Wawekee njia ya kulinyamazisha.”

“Sawa bosi, lakini kwa maghala ya majaribio tu. Ghala halisi liendelee kuuliza.”

“Na siku tunahamisha habari za hospitali nzima tukae tunaandika majina kama darasa la kwanza? Hawa ni watu wazima. Waachie uhuru wafanye kazi.”

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Mahali alipomwacha mtoto walifunga saa kumi na moja, na maziwa yalikwishaanza kumjaa kifuani. Tena, kusema kweli, swali lile lilikuwa linamkera hata yeye. Akaongeza mstari mmoja: mtu akimalizia amri kwa neno “nyamaza”, swali lirukwe. Akajaribu mara moja, swali halikutokea, akachukua mkoba akatoka mbio.

Hakuangalia mstari ule unarukia wapi. Maagizo ya kuweka nakala yalikaa fungu moja na swali, kwa hiyo vyote viwili vilirukwa pamoja. Na hakuna aliyegundua, maana nani atatafuta nakala ya wagonjwa wa kubuni?

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Chapuchapu alikuwa na madirisha mawili meusi yaliyofanana kama pacha. Moja lilikuwa la majaribio, jingine la hospitali iliyokuwa ikilalamika kwamba mfumo ni mzito. Amri yote, pamoja na “nyamaza” yake, alikuwa ameifupisha ikawa herufi moja tu. Akaibonyeza katika dirisha silo.

“Dada.” Aliondoa vidole kwenye kibodi. “Nimefagia ghala halisi. Ila si huwa linaweka nakala kwanza?”

Bi Uhakika aliinama begani kwake, akafungua mahali nakala zinapowekwa. Palikuwa patupu. Iliyobaki ilikuwa nakala ya usiku uliopita, na kila kilichoingizwa tangu hapo kilikuwa kimekwenda.

Simu ya hospitali haikukawia. Alikuwa mama wa maabara, na hakupayuka. “Mifuko ninayo, naishika kwa mikono yangu. Ya kundi ninalolitaka imeingia alfajiri, na skrini haiijui. Ipi imepimwa, ipi bado, sijui. Vibandiko vya kuonyesha iliyopimwa mlituambia tuache, mfumo unatosha. Nina mzazi chumba cha upasuaji, damu inamtoka.”

“Hamwezi kuipima upya?”

“Tumeshaanza. Mashine inataka saa mbili na nusu. Na ninyi jaribuni, mwanangu.”

Walijaribu wote watano, hakuna aliyenyanyuka hata kunywa maji. Saa saba kasorobo yule mama alipiga tena. Hakuuliza wamefikia wapi. Alisema tu kwamba hakuna haraka tena. Mtoto alikuwa mzima, wa kike. Mama yake damu haikumuwahi.

Jioni ile Bi Uhakika alimnyonyesha mwanawe huku kompyuta iko wazi ubavuni, na ndipo alipouona mstari. Alimwonyesha mumewe.

“Wamekuuliza?” mumewe alisema kwa upole. “Hawajakuuliza. Mtoto ana miezi saba, mama. Ukimwaga unga sasa tutakwenda wapi?”

Usingizi haukumjia.

Alhamisi Mkuu aliwaita yeye na Chapuchapu ofisini. Ripoti ilikuwa imeshachapwa: mtumiaji amepuuza ulinzi uliokuwepo, na ataachishwa kazi. Chapuchapu alikuwa akiitikia kila sentensi kwa kichwa, macho sakafuni.

“Kuna la kuongeza?” Mkuu aliuliza, akiwa tayari anazikusanya karatasi.

Bi Uhakika alimfikiria mwanawe, halafu yule mwingine wa siku moja. Akapiga moyo konde.

“Hii sentensi si kweli, bosi. Ulinzi haukuwepo.” Akageuza kompyuta. “Nilipoondoa swali niliondoa na nakala. Huu hapa mstari. Ni wangu.”

Mkuu aliusoma kwa muda mrefu kuliko urefu wake. “Nani mwingine ameuona?”

“Hapa kazini, hakuna.”

“Basi—”

“Dada, acha,” Chapuchapu alimkatiza. “Kubonyeza nilibonyeza mimi.”

“Ulibonyeza ukijua kuna nakala. Anayekuahidi nakala ni mimi.” Kisha akamgeukia Mkuu. “Na mimi nilikuomba ghala halisi liendelee kuuliza. Ukakataa, nami nikakubali upesi kwa sababu nilikuwa na haraka. Hilo nalo liandikwe. Tuliofanya haya ni watatu.”

Mkuu alichukua kalamu. Akafuta neno “mtumiaji”, akashika kalamu hewani, ikakaa hapo.

Aliandika majina mawili.

Bi Uhakika aliyasoma, akaomba kalamu, akatia sahihi mbele ya lake. Akamsogezea Chapuchapu, naye akatia. Kisha akaivuta tena ile karatasi, akachora chini ya majina hayo mstari wa sahihi moja zaidi, mtupu, akamrudishia Mkuu.