Harusi katika Mji wa Chumvi

Usingizi unanikamata mezani maabarani, mchana kweupe, kidevu kando ya kisahani cha chumvi yangu, na kabla sijapiga mwayo wa pili ninatembea ndani yake. Si chumvi ya mchuzi hii; nimeitengeneza mwenyewe kwa asidi ya mdalasini, na kila nikiiyeyusha majini na kuiweka juani chembe zake haziungani. Njia hazina mwisho, nyumba zinafanana kama zimejitazama kiooni, na katika kila mlango amesimama mtu ambaye miguu yake imeota sakafuni. Mwenyeji wangu hana uso wala mdomo, ila maneno anayo tele. Ninamuuliza wanangoja nini. Harusi, anasema, na bwana harusi hawezi kupiga hata hatua moja. Ananionyesha bibi harusi, Mwanakheri, ambaye mlezi wake amemshika upindo wa kanga. Binti anamtazama Hemedi, bwana harusi, jirani wa mlango wa mbele, karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na mimi ninampenda papo hapo, binti wa watu. Mwenyeji ananieleza kwamba nikikoka moto, mlezi atatoa jasho na kugandana na binti milele. Bali mwanga haumjui mlezi, unaunga wanaotazamana. Nami, kwa mazoea yetu ya maabara, nimeshanyanyua ndoo ya maji niwayeyushe, wawe huru, watembee, wakutane.

Dada, usitumwagie maji, anasema Mwanakheri. Kila ukitumwagia tunatawanyika, na Hemedi simwoni tena.

Ndoo inanilemea. Sasa nifanyeje, ninamuuliza mwenyeji, naye anajibu, Asiyeweza kwenda harusini, mpelekee harusi mlangoni. Basi ninaweka ndoo chini, ninasukuma mbingu kama dirisha, na jua linamiminika njia zote. Mwanakheri na Hemedi wanashikana kwa mikono yote miwili, mlezi bado kashika upindo, anacheka, jirani na jirani wanashikana mji mzima, vigelegele vinapanda, kuta zinapasuka kwa furaha na mimi ninaangua kicheko.

Ninafumbua macho. Jua limejaa kisahanini, na punje kavu za chumvi zinapasuka na kurukaruka. Bi Nyamizi, mwenzangu wa maabara, ameinamisha chupa ya maji aniyeyushie. Ninamdaka mkono. Waache, ninamwambia, hawajamaliza.

Anainama, anatega sikio. Kisha ananiuliza taratibu, Ni nani huyo anayepiga vigelegele?